Kapasita ya Chumbani kwa Mjomba

Ndugu mfanyakazi mwenzangu, na wewe mgeni wetu mwalikwa, kabla hujaendelea nakuomba jambo moja, tena nakuomba kwa unyenyekevu wote: ukishasoma karatasi hizi, funga mdomo. Usizisome kwa sauti karakanani. Usiziache juu ya meza ya chai. Usimwonyeshe hata mwenzio wa nyumbani kama ana mazoea ya kupiga soga na Mjomba. Humu kuna mambo ambayo Mjomba hapaswi kuyajua kabla ya Ijumaa saa nane mchana, na sababu yake utaiona ukifika mbele. Mtu akimwaga mtama, kibarua changu kitaota nyasi, na hilo ndilo dogo. Kubwa linahusu usalama wa Mjomba mwenyewe.

Sasa niingie kwenye kazi niliyopewa, ya kumwandikia Mjomba wasifu wa kumuaga.

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, fundi mkuu wetu wa viyoyozi atastaafu baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka thelathini na minne. Hapa kazini hakuna anayemwita kwa cheo chake. Mpwa wake wa kike, ambaye naye ni fundi, alipoajiriwa aliendelea kumwita Mjomba kama alivyozoea nyumbani. Haikuchukua muda, hata meneja, ambaye kwa umri ni kama mdogo wake wa kufuatana, naye akawa anamwita Mjomba. Wateja wanamjua kwa jina jingine. Wao humwita Mikono Nyuma, na wakipiga simu husema hivyo hivyo bila aibu: “Mtuletee yule Mikono Nyuma.”

Alianza kama mbeba ngazi. Wakati huo kampuni ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga, na gari lililosukumwa kila asubuhi hadi kona ya barabara ndipo likohoe na kuwaka. Kiyoyozi cha nyumbani kilikuwa kitu cha watu wachache, na fundi akiingia ndani ya nyumba alivuliwa viatu mlangoni kama mgeni wa heshima. Mjomba alijifunza kuosha vichujio, akapanda kwenye kulehemu mabomba, akapanda tena kwenye kujaza gesi. Wenzake wa siku hizo wanasema alikuwa mwepesi wa kujifunza na mzito wa kuondoka kwa mteja. Akimaliza kazi, alikaa pale chini na kuisikiliza mashine. Wenzake wakipiga honi nje, yeye bado ameinamisha kichwa.

Masikio hayo ndiyo sifa yake ya kwanza. Mjomba akisimama kwenye lango la nyumba, anajua kama kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi, inahangaika au inafanya kazi kwa raha. Mashine ikiwa nzima, Mjomba husema, “Huyu ameamka vizuri.” Ikiwa na hitilafu husema, “Huyu hajalala,” kisha anaomba ngazi.

Kwa wageni wetu wasio wa kazi hii, inanibidi nieleze kapasita ni nini, maana bila hiyo wasifu huu hautaeleweka. Kapasita ni kikopo cha bati, kimo chake kama kopo dogo la maziwa, kinachokaa ndani ya mashine ya nje. Kazi yake ni kuhifadhi umeme na kuutoa kwa mkupuo ili kompresa na feni zipate nguvu ya kuanza kuzunguka, kisha kuzisaidia ziendelee. Mimi nilipoajiriwa sikuelewa hata kidogo. Mjomba alinieleza akiwa na kikombe mkononi: “Karani, ulilisikia lile gari letu la zamani? Injini ilikuwa nzima. Ilikosa watu wa kusukuma tu. Sasa kapasita ndiyo watu wa kusukuma. Wakigoma, gari linabaki pale pale linanguruma.”

Ndivyo ilivyo. Joto na umeme wa kupanda na kushuka huichosha kapasita mpaka inavimba kichwa au inavuja mafuta. Mwenye nyumba husikia mashine ikinguruma bila kuwaka, chumba kinakuwa kama tanuri, naye anaamini kiyoyozi kimekufa chote. Sijui ni familia ngapi zilizokuwa tayari kununua mashine mpya, Mjomba akafika, akabadilisha kikopo hicho kimoja, na baridi ikarudi kabla chai ya mgeni haijapoa.

Kuna bwana mmoja mshonaji aliyeishi na kapasita mbovu msimu mzima bila kujua. Feni ya nje ilikuwa haianzi, lakini aligundua kwamba akiichokoa kwa mwiko kupitia matundu, inazunguka. Basi mwiko ukafungwa kamba pembeni ya mashine, na watoto wakapangiwa zamu. Mjomba alipofika akauangalia ule mwiko kwa muda mrefu.

“Mwiko huu ni wa jikoni au wa feni?”

“Ulikuwa wa jikoni, mzee wangu. Umepandishwa cheo.”

“Na mama watoto anasemaje?”

“Mama watoto anapikia kijiko, mzee. Tumevumiliana.”

Mjomba alibadilisha kapasita, akamkabidhi mama mwenye nyumba mwiko wake kwa mikono miwili, na akamwonya yule bwana kwamba feni ile ingeweza kuondoka na mwiko, mkono na zamu zote za watoto. Mshonaji huyo amealikwa Ijumaa. Amesema atakuja na mwiko.

Sasa niseme jina la Mikono Nyuma. Mjomba akishafungua kifuniko cha mashine ya nje, kila aliyepo lazima aweke mikono nyuma: fundi msaidizi, mwenye nyumba, mtoto, jirani aliyekuja kuchungulia. Umeme uwe umezimwa kwenye swichi kuu au la, mikono nyuma. Wateja wengi hubisha. Bibi mmoja alimwambia, “Lakini nimeshazima, baba. Nimezima kila kitu, hata redio.” Mjomba akamjibu, “Umezima nyumba, mama. Huyu hujamzima. Huyu anakumbuka.” Maana kapasita hubaki na umeme ndani yake hata baada ya swichi kuzimwa, na umeme huo unaweza kumtupa mtu chini au kumfanyia lililo baya zaidi. Mjomba huvaa glovu, huunganisha ncha zake kwa rezista, yaani kifaa kidogo kinachoumaliza umeme ule taratibu, kisha hupima kwa mita mpaka isome sifuri. Baada ya hapo huuliza, kama mtu anayeongea na mashine, “Na mwenzake yuko wapi?” Akishatazama kila pembe na kuridhika, ndipo husema, “Imelala.” Hapo ndipo unaruhusiwa kuirudisha mikono yako mbele.

Picha kubwa inayoning'inia mapokezi ilipigwa siku moja meneja alipowapeleka wageni kutazama kazi. Wote wamesimama kwa suti zao, mikono nyuma, nyuso zimekaza. Hakuna wiki inayopita bila mteja kuniuliza watu wale walikosa nini.

Wasifu unaosema mazuri peke yake Mjomba mwenyewe asingeuamini, kwa hiyo nitaje kasoro yake, nayo ni moja. Kanuni hii ya mikono nyuma yeye mwenyewe haiwezi. Akimsimamia fundi mwingine anayefungua mashine, ataiweka mikono nyuma kwa muda wa kupepesa macho, kisha mikono inatoka yenyewe kama kuku waliofunguliwa banda. “Lete, lete, lete,” atasema, na bisibisi itakuwa imeshamtoka fundi yule. Na anayepokonywa zaidi ya wote ni mpwa wake.

Aya inayofuata nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Mpwa mwenyewe ameniruhusu. Si kuniruhusu tu, ameniagiza. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, “Andika, ndugu yangu. Yeye hajawahi kunipa nafasi ya kumwambia. Kila nikianza anaondoka.”

Miaka ile mpwa alipokuwa bado mwanagenzi, walikwenda wawili kwenye nyumba yenye mashine ya kizamani. Mashine za namna ile zilikuwa na kapasita mbili, moja ya kompresa na nyingine ya feni, na ya pili katika ile ilikuwa imejificha nyuma ya kibati. Mjomba alimaliza umeme wa ile ya kwanza, akapima, akasema, “Imelala. Ingiza mkono.” Mpwa akaingiza. Ya pili ilikuwa macho. Ilimrusha kutoka kwenye stuli hadi ukutani. Mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, na kwa siku kadhaa alikuwa akila kwa wa kushoto. Daktari alisema mkono ni mzima. Mkono ulikuwa mzima kweli, lakini kuanzia siku hiyo ulikataa kuigusa kapasita. Na kanuni ya mikono nyuma, pamoja na lile swali la mwenzake yuko wapi, havikuwapo kabla. Vilizaliwa siku hiyo.

Wote mnajua yaliyofuata, ingawa wengi hamkujua chanzo chake. Mpwa akawa fundi bora. Analehemu, anajaza gesi, anasoma mchoro wa waya haraka kuliko yeyote hapa. Lakini akifika kwenye kapasita, anatoa simu na kusema maneno mawili: “Mjomba, njoo.” Na Mjomba alikwenda. Aliacha chakula akaenda. Aliacha likizo akaenda. Alivuka mji mzima kwenda kubadilisha kikopo ambacho mpwa wake alikuwa ameshakifungulia mlango. Hakuwahi kulalamika hata mara moja, na hakuwahi kumwachia ajaribu. Mkewe ndiye aliyemwambia wazi, mbele yetu, siku tulipokwenda kumjulia hali Mjomba alipougua: “Wewe mwanamume, ndiye unayemlemaza huyu mtoto. Unamwonea huruma mpaka mkono wake umesahau kazi.” Mjomba alicheka kidogo na kuomba maji ya kunywa.

Kwa sababu hiyo Mjomba hakustaafu wakati wake ulipofika. Aliomba aongezewe muda, akaongezewa. Meneja alimuuliza kwa nini, naye akajibu, “Mtoto bado.” Hakusema zaidi.

Hatari ni kwamba sasa macho yake yamechoka. Nalisema hili kwa heshima na kwa sababu kila fundi ameliona. Kila kapasita ina namba ubavuni, kiasi chake cha mikrofaradi, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi, na mpya lazima ilingane na ya zamani; isipolingana, mota hupata joto na kuungua. Kiangazi kilichopita alisoma 35 mahali palipoandikwa 55. Masikio yalimwokoa. Alikuwa ameshafika langoni na begi lake, akasimama, akasema, “Hii haiimbi hivyo,” akarudi na kumwomba mwenye nyumba amsomee. Alirekebisha na kuomba radhi, na habari hii ametusimulia mwenyewe akijicheka. Lakini sisi hatukucheka sana. Masikio yanaweza kukuambia mashine imekosewa. Hayawezi kukuambia waya ulioushika ni upi. Daktari wa macho alimkataza waziwazi kufungua tena mashine yenye umeme. Mjomba alimsikiliza kwa adabu, na kesho yake alikuwa juu ya ngazi.

Mwezi uliopita, meneja alimwita na kumwambia tarehe 30 ndiyo mwisho. Mjomba akasema sawa. Kisha alipokuwa akitoka akageuka mlangoni: “Lakini siku hiyo mtanipa nafasi ya kusema?” Akaambiwa ndiyo. Akasema, “Basi nitaomba mwaka mmoja tena, mbele ya watu wote. Tuone nani atakataa.” Meneja alibaki ameshika kalamu. Anamfahamu Mjomba, na anajifahamu mwenyewe: mbele ya watu wote, na familia imekaa mstari wa mbele, hataweza kukataa.

Hapo ndipo tulipokuwa, roho juu, mpaka simu ilipolia asubuhi moja kwenye meza yangu.

Alikuwa mkewe Mjomba. Mjomba mwenyewe alikuwa kliniki ya macho, ametiwa dawa, amekalishwa gizani asione chochote hadi jioni. “Mwanangu,” mama alisema, “kiyoyozi cha chumbani kwetu kinanguruma tu. Hakiwaki.”

“Nitamtafuta Mjomba, mama.”

“Nani amekuambia umtafute Mjomba? Akisikia ataondoka hospitali kwa kupapasa ukuta. Niletee mpwa wake.”

Nilikwenda karakanani nikamwambia. Aliendelea kukunja waya aliokuwa ameushika.

“Inanguruma na haiwaki?”

“Ndivyo alivyosema mama.”

“Feni ya nje je?”

“Amesema imesimama.”

Alijua ni nini, na mimi nilijua kwamba anajua. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwenye simu, ukakaa humo. Halafu akauliza, “Kwani Mjomba anatoka saa ngapi?” Nikasema jioni. Akasema, “Chumba kile kina dirisha moja, tena la upande wa jua. Atarudi na macho yanamuuma, alale wapi?” Akachukua begi na kapasita mpya kutoka stoo. 

Yaliyotokea nyumbani nimeyasikia kutoka kwa wote wawili, na maelezo yao yanalingana kwa kila jambo isipokuwa nani alianza kucheka.

Mpwa alizima swichi kuu. Akafungua kifuniko cha mashine ya nje, kwenye kibaraza cha chumba. Kapasita ilikuwa imevimba kichwa, na ubavuni ilikuwa na alama ya Mjomba, ile duara ndogo yenye nukta katikati anayoichora kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila kapasita anayoifunga. Aliivalia glovu. Akaunganisha rezista. Akapima, sifuri. Akapima tena, sifuri. Kisha mkono ukagoma. Ulisimama hewani, karibu kabisa na kile kikopo.

Mama alikuwa amesimama kando yake na kitambaa cha jikoni. Akauliza taratibu, “Nikupishe?”

“Hapana, mama. Baki hapo hapo. Ila weka mikono nyuma.”

“Mimi? Kwangu?”

“Mikono nyuma, mama.”

“Makubwa! Tangu niolewe na bwana huyu, nimewasikia wateja wote wanaambiwa hivyo. Leo imenifikia mimi, tena nyumbani kwangu, tena nimeshika kitambaa!”

Lakini aliweka, na kitambaa chake nyuma. Wakacheka, sijui nani kwanza, wakacheka mpaka mpwa akaegemea ukuta. Alipofuta machozi aliinama tena, akachungulia nyuma ya kibati, chini ya waya, kila pembe, akauliza kwa sauti, “Na mwenzake yuko wapi?” Hakukuwa na mwenzake. Mashine ile ina kapasita moja tu. Akasema, “Imelala,” na mkono ukaingia.

Haukurushwa. Alipiga picha ya nyaya kwa simu ili asizichanganye, akachomoa moja moja, wa kompresa, wa feni, na ule wa pamoja. Akalinganisha namba za kapasita mbili zile, akamsomea mama kwa sauti, na mama akazirudia kama mwanafunzi. Akafunga mpya, akarudisha kifuniko, akawasha. Kompresa ikashika mara moja. Mama anasema mpwa alikaa chini sakafuni, akaukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia kama mtu aliyevua bandeji.

Jioni Mjomba alirudi na miwani myeusi, akaongozwa hadi kitandani. Akalala chali. Baada ya kitambo akainua kidole.

“Unamsikia huyu?”

“Nani?” mkewe akauliza.

“Kiyoyozi. Leo ameamka vizuri. Siku hizi alikuwa anasitasita, nikawa najiambia nitamtazama, nitamtazama. Leo anaimba.”

“Labda umeme umetulia.”

“Labda,” akasema Mjomba, akageukia ukutani, na usingizi ukamchukua hapo hapo.

Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo siri. Fundi ambaye baada ya ajali ile hakumwachia mpwa wake kapasita hata moja amekuwa akilala kila siku, tangu hapo, kwenye ubaridi wa kapasita aliyoifunga mpwa wake. Na kazi hiyo ameshaipasisha mwenyewe, kwa masikio yake, bila kujua anampasisha nani.

Tangu hapo mpwa hajapiga simu ya “Mjomba, njoo.” Amebadilisha kapasita kwa mwalimu mkuu, kwa duka la dawa, kwa mama mmoja mwenye watoto pacha. Hapo likazuka tatizo ambalo hatukulitarajia. Mjomba amelielewa vibaya. Wiki iliyopita alikuja akaketi kwenye kiti cha wateja, begi mapajani.

“Karani, niambie kweli. Hawa wamenichoka?”

“Hapana, Mjomba. Kazi zimepungua.”

“Kiangazi hiki?”

Nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza. Nilikaa huko chini muda mrefu kuliko kalamu yoyote inavyostahili. Nilipoinuka alikuwa ameshakwenda, na kikombe chake cha chai kilikuwa kimejaa. Ilinichoma. Nilitaka kumkimbilia nimwambie yote.

Lakini hatuwezi kumwambia mapema, na sababu ni hii. Mkewe anamjua, mpwa anamjua, nasi tunamjua. Akisikia leo kwamba mpwa ameifungua mashine ya chumbani kwake, jioni hiyo hiyo atapanda kuikagua. Ataifungua peke yake, kwa macho yale, ahakikishe mtoto hakuacha hatari yoyote ndani. Ndiyo maana nimewasihi mwanzoni, na ninawasihi tena hapa katikati. Asikie akiwa amekaa kwenye kiti, mkewe kando yake, na mashine ikiwa mbali.

Mpango wa Ijumaa uko hivi. Ukumbi wetu una joto, kama mlivyozoea kututania kwamba mafundi wa baridi tunatoka jasho kwetu wenyewe. Kiyoyozi chake kinanguruma na hakiwaki. Mjomba amekuwa akisema wateja kwanza, sisi baadaye. Safari hii tumeshukuru. Kabla hajapewa nafasi ya kusema, mkewe atasimama na kumkabidhi kisanduku. Ndani yake hakuna saa wala kalamu. Kuna kapasita iliyovimba kichwa, yenye duara na nukta ubavuni, ambayo mama ameihifadhi kwenye kabati la vikombe tangu siku ile. Mjomba ataijua kwa kuigusa. Atajua ilikuwa wapi, na atajua kwamba mtu ameitoa. Mpwa ndiye atakayemwambia ni nani. Atamwambia na lile jingine ambalo Mjomba amekuwa akilikimbia miaka yote: kwamba kuhusu mashine ile ya kapasita mbili hakuwahi kumlaumu hata siku moja, na kwamba kila anapouliza mwenzake yuko wapi, anauliza kwa sababu mjomba wake ndiye aliyemfundisha kuuliza.

Kisha mpwa atatoka barazani, ilipo mashine ya nje ya ukumbi, aifungue mbele yetu sote. Wote tutasimama mikono nyuma, meneja na wageni wake, mshonaji na mwiko wake. Na Mjomba pia. Hiyo ndiyo sehemu inayotutia hofu, maana mikono ile mnaijua. Mkewe amesema tusihangaike. Atasimama nyuma yake, aishike yeye mwenyewe.

Mashine ikiwaka, atapewa nafasi ya kusema. Akiomba mwaka mmoja tena, meneja ameapa atakataa. Lakini sidhani kama ataomba. Nadhani atainamisha kichwa kwanza, asikilize.

Mjomba, karatasi hizi utazisoma mwisho kuliko wote, pengine utasomewa chumbani kwako na mama. Ahsante kwa baridi uliyoipeleka kwenye nyumba za watu huku shati lako likiwa limelowa. Ahsante kwa kutufundisha kungoja kabla ya kugusa. Ahsante hata kwa lile “lete, lete, lete,” ambalo tutalikumbuka kuliko tunavyokubali. Pumzika sasa. Macho yako yapone, chai yako uinywe ikiwa moto, na kila mashine utakayopita langoni kwake uikute imeamka vizuri. Ukisikia isiyoimba, mwite mpwa wako.

Mwisho, kwa mwenye swali kuhusu siku hiyo: mimi karani nipo meza ya kwanza kushoto ukiingia, chini ya ile picha ya suti. Tafadhali usipige simu ya ofisi, kwa sababu nikitoka Mjomba ndiye huipokea. Njoo mwenyewe, asubuhi, yeye akiwa bado karakanani. Ukimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, usinong'one wala usinikonyeze, maana nitaiva uso. Niulize tu kama vichujio vipya vimefika. Nitajibu bado, kisha nitakufuata mpaka bombani kule uani, tuzungumze. Baada ya saa nane ya Ijumaa hutahitaji kuuliza vichujio tena. Nitafute ukumbini, mstari wa mwisho, karibu na mlango wa barazani. Utanijua kwa urahisi: nitakuwa na mikono nyuma, kama kila mtu, nikingoja mtu aseme imelala.